Hodi Bunda, Karibu Amerika

Miezi mitano nilikaa juu ya ghorofa mtaa wa Mukendo kama kuku kwenye tenga. Chakula naletewa, maji naletewa, hata jua naletewa, maana dirisha langu ni moja na jua linapitaga hapo asubuhi tu. Likishapita basi, mpaka kesho. Mguu niliuvunja nyumbani kwangu Butiama nikikimbiza ndama wa jirani aliyeingia kwenye ulezi wangu. Ndama hakuvunjika kitu. Mimi nikawekewa chuma kwenye paja, mwanangu akanileta mjini kwake Musoma, akanipandisha ngazi kumi na tisa mgongoni, mbele ya watu. Mwanamke mzima nina wajukuu, nabebwa kama gunia la muhogo. Kupanda nilipanda. Kushuka ndiyo ikawa kesi.

Mwanangu anafanya kazi ofisini na anaongeaga kama barua. Nikimwambia nataka kwangu, anavuta pumzi, anashika mkanda wa suruali, anaanza: "Mama. Kwanza, daktari amesema. Pili, ngazi. Tatu, utakaa na nani?" Na mimi nashika khanga pale penye mkanda, namrudishia hivyo hivyo kwa sauti yake: "Mwanangu. Kwanza, nimezaa watoto saba. Pili, daktari hakuwepo. Tatu, nilikuwa na nani?" Mkewe anakimbilia jikoni kucheka. Yeye mwenyewe hachekagi. Anasema, "Mama, pumzika," anaondoka, na mlango anaurudisha.

Ningekaa tu, mtu anazoea. Lakini siku moja nikamsikia sebuleni anamwambia mkewe kwamba ile nyumba ya Mama inaoza bure, mvua zikianza atatuma fundi akang'oe bati, zije ziezekee jiko kwenye kiwanja chao. Moyo ukanipasuka. Nyumba ikishang'olewa bati si nyumba tena, ni mahame. Mbuzi za watu zitalala chumbani kwangu, magugu yataota pale pa kitanda. Na sisi kule mtu akipita anaangaliaga moshi. Moshi ukitoka, anasema huyu yupo. Usipotoka misimu miwili, anaanza kukata njia katikati ya uwanja wako.

Nikamwita mwanangu. Nikamwambia bati zangu asiguse, anirudishe. Akashika mkanda. "Mama, akipatikana mtu wa kukaa na wewe, nakupeleka hata kesho. Mimi nina kazi. Mke wangu ana kazi. Aliyebaki ni mjukuu wako, naye ana hiyo kazi ya kompyuta. Akimaliza ile ya Bunda, mwende wote wawili. Kabla ya hapo, hapana."

Basi. Nikawa mfungwa, na funguo iko ndani ya kompyuta ya mjukuu.

Huyo mjukuu ndiye anayeandika haya. Mimi kalamu sijawahi kushika. Naongea, yeye anachapa, jioni ananisomea, na akiruka neno namkamata. Ni msichana mkubwa, kamaliza chuo. Namwitaga mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alikuwaga akirudi mnadani anamletea yeye andazi, mimi ananiletea habari. Kazi yake ni kutengeneza websaiti, yaani kama duka ambalo mtu analiingia kwa simu, anaangalia vitu bila kutoka kwake. Hiyo ya Bunda ilikuwa ya kikundi cha akina mama washonaji. Wateja wao ni wake za wakulima wa pamba kule Guta, wengine watu wa ng'ombe wa huku kwetu Butiama, wengine mpaka Mugango kwenye samaki. Mtu ana ndoa, ana kipaimara, anataka kuona mishono kwanza kabla hajatoka kwake. Mjukuu akawapiga picha mishono yote, magauni, sketi, suti za vitenge, akapanga. Ikawa nzuri. Tatizo, haifunguki.

Mwenyekiti wa wale akina mama ana sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa akipiga simu, mjukuu anaisogeza mbali na sikio, na mimi kitandani nasikia kila neno.

"Mwalimu! Mwalimu wa kompyuta! Hii kitu yako inazunguka!"

"Shikamoo Mama Mwenyekiti."

"Marahaba. Inazunguka! Tumekaa wanane tunaangalia kitu inazunguka kama mbwa anatafuta pa kulala, na hailalagi!"

"Mama, kwangu inafunguka vizuri kabisa."

"Kwako wapi? Sisi tuko Bunda!"

"Labda mtandao wa huko uko chini, Mama."

"Mtandao wa huku tunaangalia kwaya mpaka tunalia! Ni hii yako tu. Sikiliza, Mwalimu, hatukuachii. Mpaka ifunguke."

Hatukuachii. Hilo neno liliniingia mimi zaidi ya mjukuu. Yeye anakata simu, anafungua laptopu yake, anabonyeza, fyuu, mishono yote hiyo hapo. "Unaona Bibi? Inafunguka. Wale simu zao ndiyo mbovu." Namwambia, "Naona, mke mwenzangu." Kesho tena Mwenyekiti anapiga, keshokutwa tena. Majuma mawili nikamsikia anaimba wimbo huo huo kwa kale kasauti kake ka chuoni, "Kwangu inafunguka, kwangu inafunguka," na mimi nalala nahesabu mbao za dari. Asubuhi nikiangalia dirishani naona mawingu yanaanza kujikusanya juu ya ziwa.

Siku moja nikachoka kuhesabu mbao. Nina simu kubwa ya picha, mkwe wangu alininunulia ili nipate cha kuchezea nisimsumbue. Nikamwambia mjukuu, "Hebu niwekee na mimi niione hiyo mishono, labda nitaolewa tena." Akacheka, akaniwekea. Simu ikaanza kuzunguka. Nikaletewa chai. Ikazunguka. Nikanywa nusu kikombe. Ikatokea picha ya gauni, kifuani kwenda chini, shingo hakuna, imekwama hapo.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mimi na wewe tumekaa kitanda kimoja. Au huku miguuni kwangu ni Bunda?"

Akaichukua ile simu. Akaiangalia, akaangalia laptopu. Akabonyeza laptopu, fyuu. Akabonyeza simu yangu, inazunguka. Nikamwona anabadilika sura kama mtu aliyekumbuka kaacha maziwa jikoni. Akajipiga paji la uso.

"Bibi, mimi ni mjinga."

"Endelea."

"Laptopu yangu imeshazihifadhi zile picha ndani yake. Haiendi kuziomba tena, inanionyesha zile zile ilizoziweka. Nyie mnaofungua mara ya kwanza ndiyo mnakwenda kuomba kwenyewe."

"Kumbe siku zote ulikuwa unapakua kiporo chako, unawaambia watu wa Bunda ugali umeiva."

Nikamuuliza hao wanaokwenda kuomba, wanaomba kwa nani. Akaniambia kwa seva. Seva ni kompyuta kubwa inayokaa na hiyo websaiti, haizimwi usiku wala mchana. Mtu yeyote akifungua, simu yake inakwenda kugonga pale.

"Na iko wapi?"

Akajikuna. "Amerika."

Nilicheka mpaka chuma cha pajani kikaniuma. "Mishono ya Bunda! Washonaji wa Bunda! Mteja yuko Guta hapo, unatembea kwa mguu! Wewe ukaipeleka Amerika! Nani alikutuma?"

"Siku ya kujiandikisha, Bibi, waliweka orodha ya miji, uchague seva yako ikae wapi. Ya Amerika ilikuwa ya kwanza. Nikabonyeza ya kwanza."

"Ungekuwa unachagua mume hivyo, tungekuwa tumeshakuzika."

Sasa akaanza kujitetea. Eti kwenda Amerika si kitu, inapita kwenye waya chini ya bahari, ukipepesa jicho imekwenda imerudi. Nikamuuliza kama ni kupepesa jicho, mbona mimi nimekunywa nusu kikombe? Ndipo akaniambia neno ambalo nililielewa kuliko yote aliyowahi kuniambia. "Bibi, haiendagi mara moja. Kompyuta nazo zinasalimianaga kwanza."

Hapo nikakaa vizuri. Salamu nazijua. Kwetu mtu hafiki akamwaga shida yake hapo mlangoni kama mlevi. Anabisha hodi, anakaribishwa, anapewa kigoda. Anaulizwa za kwao, ng'ombe je, mvua huko, yule mgonjwa anaendeleaje, watoto mmoja mmoja. Akishamaliza, na yeye anauliza zako. Ndipo aseme, nimekuja kuazima jembe. Nikamwambia mjukuu, twende, tuwasalimishe hao. Mimi ni simu ya mteja wa Bunda, niko kitandani. Wewe ni Amerika, simama kule mwisho wa koridoo kwenye choo. Kila neno ulichukue kwangu ulipeleke kule, ujibu, urudi nalo.

Nikatengeneza sauti ya msichana wa Guta, ya aibu: "Hodi." Mjukuu akakimbia nayo mpaka chooni. Akarudi na sauti ya puani, "Karibu." Nikasema, "Ahsante, nimesikia." Akaipeleka. "Lakini wewe ni seva kweli, au mwizi? Nionyeshe kitambulisho." Akaenda, akarudi na kitambulisho. "Haya, tukubaliane lugha ya siri, watu wasitusikie." Akaenda, akarudi, wamekubaliana. "Naomba basi hiyo mishono." Akaenda, akarudi: "Ukurasa huu hapa. Lakini picha ziko arobaini, kila moja ina maombi yake." Nikaanza kuomba: la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la saba akakaa chini sakafuni anahema, jasho linamtoka. Mkwe wangu akatoka jikoni akauliza kuna nini humu ndani.

"Amerika imechoka," nikamwambia. "Na hapa ni chooni tu."

Ilikuwa hivyo. Safari moja ni kupepesa jicho, sawa. Lakini hodi inasemwa Bunda na karibu inasemwa Amerika, na kabla ya gauni la mwisho kuonekana wameshapeana salamu mpaka bahari imechoka. Akaniambia zipo seva hata Dar es Salaam. Nikasema Dar nako mbali, mimi sijafika. Akasema kwa waya Dar ni hapo mlangoni. Nikamwambia basi hamisha, leo, unangoja nini, na mimi niko hapa naota ukungu.

Akahamisha. Jumanne nzima alishinda juu yake. Na zile picha akazipunguza, maana alizipiga kubwa kama za kubandika ukutani. Jioni akaniambia imefika Dar, lakini tusiwaambie Bunda mpaka Ijumaa.

"Kwa nini Ijumaa?"

"Bibi, mtu hajui seva iko wapi. Anajua jina tu. Anauliza jina, anaelekezwa nyumba. Sasa mimi nimehama leo, na wanaoelekeza hawajapata habari wote. Wengine bado wanapeleka watu nyumba ya zamani. Ikifika Ijumaa wote watakuwa wanajua."

Nilielewa. Kuelewa nilielewa vizuri sana. Ila Jumatano asubuhi mwanangu, kabla hajasafiri kikazi kwenda Tarime, nilimsikia anaongea na fundi kwenye simu kuhusu ngazi na nyundo, na nje yale mawingu yamekuwa meusi. Mjukuu anaoga. Simu yake ikalia juu ya kitanda changu. Ni Mwenyekiti. Mkono ukaenda wenyewe.

"Halo, shikamoo Mama Mwenyekiti," nikasema. Kale kasauti ka chuoni nakawezaga mpaka mama yake anadanganyika.

"Marahaba, Mwalimu. Inazunguka."

"Imeshapona Mama. Kesho tunakuja huko wenyewe. Itafunguka mbele yenu."

"Kesho! Saa ngapi?"

"Saa nne kamili, Mama."

"Ukinidanganya nakushonea sanda!"

Nikarudisha simu, nikalala, nikafumba macho kama mgonjwa. Mjukuu akatoka bafuni amejifunga khanga, akakuta ujumbe: karibuni kesho saa nne, tumeita na wateja kutoka Guta. Akausoma kwa sauti. Akausoma tena. Halafu akageuka polepole.

"Bibi."

"Abee."

"Ulipokea simu yangu?"

"Sauti ilikuwa yako."

Sijawahi kumwona amekasirika namna ile. Akasema nimemwaibisha, kesho ni Alhamisi, nusu yao simu zitakwenda Amerika, atasimama mbele ya watu kitu kinazunguka, hatapata kazi tena mkoa mzima wa Mara. Machozi yakamtoka. Alikuwa na haki. Mwisho akasema, "Basi utakuja wewe mwenyewe! Utasimama wewe, uwaambie wewe!"

Nikainamisha kichwa kama mtu aliyesomewa kifungo. Halafu nikauliza viatu vyangu viko wapi.

Baba yake alipopigiwa huko Tarime akasema, "Kwanza, mwende na mrudi. Pili, msipitie popote. Tatu, Mama afunge mkanda." Gari lake dogo liko hapo chini, mjukuu anaendesha. Alhamisi nikashuka zile ngazi kumi na tisa kwa miguu yangu, moja moja, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwake. Ya mwisho niliikanyaga nikasimama kidogo. Udongo. Nikaukanyagakanyaga mpaka mjukuu akasema tunachelewa.

Lakini ndani ya gari napo ni kufungiwa. Mkanda umenibana hapa, kioo sijui kushusha, na mke mwenzangu hasemi na mimi. Tukafika pale njia ya Butiama inapokata. Nikaiona ile njia, nikaona mpaka watu wanatembea juu yake, watu huru, mmoja amebeba kuni. Mjukuu hakupunguza hata mwendo. Shingo tu ilibaki imegeuka, mpaka tunafika Bunda inaniuma.

Kwenye chumba cha washonaji walikuwa wote wanane, na vyerehani vyao vya kukanyaga, vipande vya vitenge mpaka mlangoni. Na mama mmoja wa Guta, mke wa mkulima wa pamba, na binti yake anayeolewa. Tukasalimiana vizuri, haraka ya nini, ng'ombe, pamba, mguu wangu. Mwenyekiti kumbe ni mwanamke mwembamba tu, sijui sauti anaiwekaga wapi. Akatoa simu.

"Haya. Tuone."

Akabonyeza. Ikazunguka. Tukaiangalia wote, inazunguka. Mjukuu akawa rangi ya majivu. Kule pembeni mshonaji mwingine naye kabonyeza yake, akapiga kelele, "Imefunguka! Yote! Angalia, hii ni ile suti yangu!"

Mwenyekiti akainuka. "Kwako imefunguka, kwangu inazunguka? Mimi ndiye Mwenyekiti!"

Mjukuu akaanza kueleza kwa maneno ya chuo, kumbukumbu za majina hazijasambaa, mama vumilia. Nikaona nyuso za wale akina mama zinafunga kama maduka. Nikamgusa mkono. Nikawauliza, "Jamani, nani humu hajawahi kuhama mji?" Wakacheka, hakuna. "Na mlipohama, wageni walikwenda wapi?"

Yule mama wa Guta akadakia. "Mjomba wangu alikuja kutoka mbali, hakuwa na habari tumehama. Alikaa juu ya jiwe kwenye mahame yetu mpaka saa nane, anabisha hodi ukuta! Jirani ndiye alimwonea huruma."

"Basi," nikasema, "simu ya Mwenyekiti ndiyo iko juu ya hilo jiwe. Huyu mtoto alikuwa kaiweka mishono yenu Amerika, amehama, kaileta Dar. Ya huyu mwenzenu imepata wa kuielekeza. Ya Mwenyekiti imeelekezwa mahame. Inabisha hodi huko, inasema," na nikatoa sauti yake ile ya kuitia ng'ombe, "'Fungueni! Mimi ndiye Mwenyekiti!'"

Wakaanguka juu ya vitambaa. Na yeye mwenyewe akacheka, kelele mpaka watu wa barabarani wakachungulia. Kisha akafuta macho. "Amerika! Gauni langu lilikwenda Amerika bila mimi! Sasa huyo jirani wa kuionea huruma yuko wapi?"

Mjukuu hapo akapata nguvu. Akaomba ile simu, akakuta ina laini mbili, akaihamishia kwenye laini ya pili, akasema huenda hawa wa kampuni nyingine wameshapata habari. Akabonyeza. Nilijua ikizunguka hiyo ni mimi narudi kuhesabu mbao, na fundi anapanda na nyundo. Fyuu. Magauni yote, na shingo zake.

Binti wa Guta alichagua papo hapo, la mikono mipana. Mwenyekiti akaja, akamshika mjukuu mabega. "Mwalimu, tumekuachia."

Nikamwomba arudie. Akadhani sisikii, akarudia kwa nguvu.

Tukaondoka Bunda baada ya kulishwa. Sasa mjukuu anaongea, anacheka, ananiiga ninavyoiga. Nilikuwa nasubiri ile njia. Ilipokaribia nikamuuliza, kwa upole kabisa, "Mke mwenzangu, ile kompyuta ya Dar, ukiwa unaifanyia kazi, inajua umekaa wapi?"

"Haijali Bibi. Inaona tu nimegonga."

"Ukigonga kutoka Mukendo na ukigonga kutoka kwangu Butiama, ipi inachelewa?"

"Sawa tu. Tofauti haionekani. Mradi mtandao uwepo."

"Si ulipigaga simu ukiwa kwangu siku za msiba wa babu yako? Ulikuwa unaongea umeegemea zizi."

Kisha nikaona mguu wake unapunguza mwendo, gari likatoka pembeni, likasimama hapo hapo penye kona. Akasema, "Bibi, wewe una hila." Nikamwambia mimi nimeuliza tu, sijasoma.

Akampigia baba yake. Nikasikia pumzi ikivutwa Tarime, najua na mkanda umeshikwa. Nilijikaza nisimuige. Mjukuu akamweleza, kazi ya Bunda imekwisha, zinazokuja anaweza kuzifanyia popote penye mtandao, Bibi anapumzika vizuri kwake. Baba akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwanza, wiki mbili. Pili, mtandao ukikosekana mnarudi siku hiyo hiyo. Tatu," na hapo akakosa la tatu. Kisha akaomba aongee na mimi. "Mama, una hakika?"

"Fundi mwambie ashuke," nikasema.

Nyumba niliikuta imesimama. Bati zipo zote, nilizihesabu. Mlango umevimba, nyigu wamejenga dirishani, na njia ya watu ilikuwa imeanza kukatwa kwenye uwanja wangu, nyembamba, ya mtu mmoja mmoja. Niliingia jikoni nikitaka kuwasha moto mwenyewe, paja likakataa kukunjika. Nikabaki nimesimama juu ya mafiga yangu kama mgeni, nashindwa kuyafikia. Mjukuu akachuchumaa, mimi nikamwelekeza: hapo, puliza, si hivyo, polepole. Moshi ukatoka. Jirani aliyeko ng'ambo ya njia akapiga kelele kuniita kabla hata sufuria haijateguliwa.

Mtandao ulikuwepo, ila kando ya zizi tu. Ndani ya nyumba hakuna, chini ya miti hakuna. Basi mjukuu akaweka kigoda pale zizini, laptopu mapajani, nzi juu yake. Wanawake wa Mugango wameshampata, nao wanataka websaiti yao, ya dagaa. Ya Bunda naionaga inafunguka kila siku. Jirani alikuja akachagua sketi amesimama kwenye samadi, hakungoja hata kupepesa jicho. Mvua zikaanza, na ikinyesha yeye anakimbilia ndani, na ndani hawezi kufanya kitu, anakaa karibu na moto anaangalia mlango.

Wiki mbili zikapita, ikapita na ya tatu. Mwanangu hakusema, na mimi sikumkumbusha. Jana ilinyesha tangu asubuhi. Mjukuu alikuwa amekaa hapo amefunga laptopu, anasikiliza bati, marafiki zake wako mjini, hata mmoja hawezi kumpata hapa ndani. Akaniuliza bila kuniangalia, "Bibi, kwani sisi tutakaa huku mpaka lini?"

Nilikuwa na sauti ya baba yake hapo mdomoni, ya Mwenyekiti pia, hata ya yule seva wa puani. Sikutoa yoyote. Nikamwambia asogeze ile kuni, inatoa moshi upande wangu.